Suruali za Rangi Mbili

Vita vilipokaribia kwetu, atelie yetu ya kushona pale Kamina ilipewa kazi na jeshi: suruali za askari, basoda kama tunavyowaita. Komanda mmoja alileta kutoka Base, kambi ya jeshi, rulo mbili za kitambaa cha kijani, akasema atakuja kuchukua suruali Jumamosi saa sita. Kazi yangu ilikuwa kukagua. Kila kitambaa nilikipitisha mkononi nikitafuta tundu, uzi uliokatika, doa la mafuta.

Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa plastiki nyeusi kwa kuogopa ndege za vita zisione taa zetu usiku, hivyo hata mchana tulifanya kazi kwa taa za neon. Chini ya taa zile rulo zote mbili zilikuwa kijani kimoja. Mkataji wetu, shemeji yangu, mzee aliyekuwa akishona viti vya mabehewa ya treni, alizikata pamoja, na vipande vikachanganyika.

Jumamosi asubuhi nilitoka uani kupunga upepo, suruali moja begani. Nikaitazama juani. Mguu mmoja ulikuwa kijani. Wa pili ulikuwa kahawia, kama majani makavu ya mahindi. Nikaleta nyingine, na nyingine. Karibu zote.

Nikamwita shemeji. Aliangalia, akakaa pale pale vumbini.

"Tunyamaze," akasema. "Batavaa tu. Nani ataangalia miguu ya basoda?"

"Bataangalia, shemeji. Sasa bantu banauawa juu ya nguo. Batasema tuliwekea basoda alama."

Komanda alifika kabla ya saa sita, na askari wawili. Shemeji alisimama nyuma ya meza na mkasi mkononi, hawezi kuuweka chini. Kitambaa alikileta komanda mwenyewe. Nani angemwambia kwamba ni kibaya?

"Komanda, tafadhali tutoke inje," nikasema.

"Inje kufanya nini?"

"Iko kitu humu ndani hakionekane."

Askari mmoja alinifuata karibu sana, nikasikia bunduki ikigonga mkanda wake. Nikaitandaza suruali juani. Komanda akachuchumaa, akaushika mguu mmoja, kisha wa pili.

"Nani alikata?"

Shemeji alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Minyi njo nilikagua. Nilikagua kwa taa. Kosa iko yangu."

Alinitazama, kisha akatazama dirisha jeusi.

"Ondoeni ile plastiki. Fumueni zote. Kijani na kijani, kahawia na kahawia. Narudi Jumatatu."

Tulifumua na kushona upya hata Jumapili. Nyimbo za kanisa letu zilitufikia kwa mbali, na mimi sikuwepo. Ndege ikivuma, tulijibanza chini ya meza, ikipita tunaendelea.

Jumatatu komanda alizichukua zote. Za kahawia niliziona baadaye sokoni, wamezivaa wapishi wa Base.

Shemeji hakuniambia asante. Jioni ya Jumatatu ile alikuja nyumbani na kuku mzima, akampa mama yangu, akaondoka bila kukaa.