Mafuta ya Kahawia na Mizani ya Pamba

Kuna mafuta mwilini yenye rangi ya kahawia, na kazi yake ni kuungua ili mwili upate joto. Nimeyajua uzeeni, nikiwa muuguzi mwenye mvi, siku daktari kijana alipotuelezea hospitalini. Mtoto mchanga anayo mgongoni, katikati ya mabega, kwa kuwa bado hajui kutetemeka. Mtu mzima hubaki nayo kidogo, hasa shingoni, na baridi ndiyo huyaamsha. Wataalamu wanatafuta namna ya kuyaamsha kwa dawa ili yasaidie kutibu unene, ila hawajaipata. Wenzangu waliandika. Mimi nilimkumbuka mama, kalamu ikanishinda.

Nilipokuwa mdogo mama alikuwa mwembamba. Asubuhi za kipupwe, tukienda kuchuma pamba huko Sapiwi, alijitupia khanga moja tu mabegani, na bado shingo yake ilikuwa ya moto. Nilikuwa natia vidole vyangu pale vipate joto, naye ananiacha. Natamani kuigusa tena shingo ile, hata mara moja.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wote. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, na mama akaacha jembe, akahamia Bariadi mjini kuwapikia wapimaji na madereva kando ya ghala. Alionja kila sufuria, akakaa kutwa karibu na moto. Akanenepa. Watu wakamsifu kwamba amenawiri, akafurahi, na mimi niliyekuwa nasomea uuguzi nikanyamaza mpaka presha ilipompanda.

Daktari akamwambia apunguze mwili na apimwe uzito kila wiki. Mizani ya zahanati ilikuwa mbovu. Kwa ujuaji wangu wa mwanafunzi nikasema mizani ya pamba iko hapo hapo ghalani, ya nini kuhangaika?

Nilisahau jambo ambalo kila mkulima wa kwetu analijua. Mpimaji wa pamba hanong'oni. Anatangaza kilo kwa sauti, muuzaji asikie, karani asikie, na foleni nzima iwe shahidi, la sivyo watu watapunjwa. Mama akapanda, kilo zake zikatangazwa, foleni ikacheka, naye akacheka kuwashinda wote. Akaacha soda, akaacha mafuta, akaanza kutembea alfajiri. Wiki ya pili kilo zikapungua, watu wakamtania. Ya tatu zikapungua tena. Kufika ya tano hakuna aliyecheka.

Miaka ile kukonda kulikuwa na maana moja tu. Ugonjwa ule ulikuwa umeshazika wengi, na hatukuthubutu kuutaja jina. Wateja wakaanza kula kwingine. Jirani aliyezoea kuingia mpaka jikoni akaleta uji, akauacha mlangoni. Nilikasirika, nikataka kwenda kusimama mbele ya foleni niwaeleze habari ya presha. Mama akanizuia, akasema nitakuwa nimewathibitishia wanachokishuku.

Jioni ile alijipakulia sahani ya wali, akamwagia mchuzi wenye mafuta mpaka ukaelea.

"Mayu, utakufa," nilimwambia mama.

"Mwanangu, presha naijua mimi peke yangu. Huku kukonda wanakuona watu wote. Niache nile."

Akala. Kesho yake akala mbele ya wateja, na keshokutwa, hadi wakarudi. Kwenye mizani hakupanda tena, na mimi sikumsihi tena. Najilaumu kwa hilo kuliko kwa mizani. Msimu wa pili tangu hapo alianguka jikoni kwake, upande mmoja ukapooza, na hakumaliza wiki.

Nimeiwaza sana ile dawa inayotafutwa. Hata kama ingekuwepo, ingempunguza tu, na foleni ingenyamaza vilevile. Lakini ninamtamani mama jamani, mnene au mwembamba, ninamtamani kila kipupwe kinapoingia.

Siku ya mazishi, wanawake waliomwosha walipotoka chumbani, shangazi yangu alinishika mkono, akanivuta kando. Alitaka kunifariji.

"Amekwenda na mwili wake wote," alisema. "Hakuna atakayesema neno."

Nilikuwa muuguzi kamili wakati huo, nikijua vizuri kilichomuua. Nikamshukuru shangazi, na nilimaanisha.