Mbwa wa Mama Scholastique Amepoteza Sauti

Umeshamwona mbwa anayemwona mwizi, halafu analala kifudifudi na kufumba macho?

Mimi nimemwona. Anaitwa Komanda, na nusura ampeleke mjomba wangu jela.

Mjomba Matata anatunza mbwa wa wasafiri shambani kwetu, nje ya Kindu, upande wa barabara ya Kampene. Unasafiri, unamwachia mbwa, ukirudi unamkuta amenona. Mimi Mamy ndiye mpishi wao. Ndiyo, nimesoma, na nawasongea mbwa fufu. Cheka umalize.

Mama Scholastique, muuza mawese wa mtaa wa Kasuku, alituachia Komanda akaenda Lubutu. Akarudi, akamchukua, akashukuru.

Wiki haijaisha, huyu hapa tena, na mbwa wake, na hasira.

"Matata! Ulimufanyia nini mbwa yangu? Wezi wameingia depo, wamebeba mafuta, yeye amelala chini tu!"

"Mama, kulala chini njo usalama," mjomba akajibu.

"Usalama gani? Murudishe sauti yake! Siku ya soko nikikuta habweki, nakupeleka kwa parketi, wakufunge!"

Akatuachia mbwa, akaenda zake.

Sasa sikia. Wakati wa vita mjomba alijificha porini na majirani. Mbwa akibweka, wenye bunduki wanajua mlipo. Basi mbwa akibweka, wote walijitupa chini.

Vita vikaisha. Mjomba hakuacha. Mpaka leo akisikia mbwa anabweka, mzee yuko chini kwenye mihogo. Na mbwa wakikaa naye, wanaiga: badala ya kubweka, wanalala.

Nikaanza darasa. Nikapiga magoti mbele ya Komanda, nikabweka mwenyewe, mtu mzima na diploma yangu.

"Hau! Hau!"

Komanda chini. Mbwa wote chini. Nyuma yangu nikasikia puu! Mjomba naye.

"Mujomba, amuka! Ni miye!"

"Najua ni weye," akasema, udongo mdomoni. "Mwili njo haujui."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mzee huyu ndiye aliyenilea. Jela ingemmaliza, na niliogopa kweli.

Siku ya soko ikafika. Mama Scholastique akaja na pikipiki ya kukodi. Ile anashuka tu, eksozi ikalipuka: PAA!

Mjomba chini. Komanda chini.

Na Mama Scholastique, na kitenge chake kipya, alikuwa chini kabla yao wote. Kwenye tope, mikono kichwani.

Mwenye pikipiki akacheka mpaka akashika tumbo.

"Weye, lala chini!" mama akamfokea bila kuinua kichwa.

Akalala. Nami nikalala. Kusimama peke yangu niliona aibu.



Halafu mjomba akauliza polepole, "Mama, mulijificha pori gani?"

"Ya Pangi. Na mutoto mugongoni. Alitaka kulia, nikamuziba kinywa."

"Akapona?"

"Alipona. Ni mukubwa sasa." Akapangusa tope usoni. "Lakini mpaka leo akiongea, sharti umusogelee ndiyo umusikie."

Nililia pale pale kwenye mihogo.

Mama akainuka, akamshika Komanda shingoni. "Mumuache hivi hivi. Depo nitaweka kufuli."

Parketi hakuitaja tena.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwona mtu mzima amejitupa chini bila sababu, usiwahi kucheka. Lala kando yake kwanza. Halafu muulize alijificha pori gani.