Kabla Sijazaliwa Walikuwa Wakisalimiana

Pastor alinipa somo la Utatu Mtakatifu kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Hakusema hivyo, lakini mimi si mtoto. Ana makanisa mengi na pikipiki moja, na darasa letu la ubatizo hapa upande wa Migwani hulifikia kwa nadra. Somo la dhambi alilifundisha mwenyewe. La toba akalifundisha mwenyewe. Lilipofika la Mungu mmoja katika nafsi tatu, akakumbuka kwamba ana mkutano Kitui mjini.

"Mama, wewe unasoma sana," akaniambia akiwa ameshapanda pikipiki. "Utawasaidia tu. Lakini usiwape mfano wa yai. Na ile ya maji na barafu pia wacha."

Nilicheka, maana huo wa maji ndio niliofundishwa nikiwa msichana. Maji, barafu na mvuke, kitu kimoja kwa sura tatu. Aliyetufundisha hakujiuliza ni nani kati yetu aliyewahi kuona barafu, mahali ambapo hata maji yenyewe tuliyafukua kwenye mchanga wa mto. Baadaye nilikuja kujua ubaya wake mkubwa zaidi. Maji yakigeuka barafu si mvuke tena, ilhali Baba hageuki kuwa Mwana. Mwana alipomwomba Baba, hakuwa akijisemea peke yake. Kujisemea peke yake ni kazi yangu mimi.

Sifanyi mzaha. Tangu tumzike mama, mwaka jana, nimekuwa nikiishi peke yangu kwenye boma letu. Nilitoka Emali kuja kumuuguza, baada ya miaka mingi ya kuwauzia madereva wa malori chai na chapati. Alipoondoka nilibaki na mbuzi wachache, shamba la ndengu na mbaazi, na nyumba ambazo hakuna anayelala ndani yake. Sikuolewa na sikuzaa. Nilikuwa nikipika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, kiasi cha kutosha familia, kwa sababu mkono wangu haukujua kipimo kingine. Kisha nilikula yale yale mpaka yakanichosha. Nilizungumza na mbuzi. Mbuzi mmoja alikuwa na tabia ya kuniangalia kana kwamba amenielewa, na siku nilipogundua kwamba namngoja anijibu, niliogopa.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua. Darasa likishabatizwa, ningeuza mbuzi, nifunge boma, nirudi Emali kwenye kelele. Chumba changu kule sikuwa nimekiachilia. Nilijua boma likifungwa hivyo halifunguliwi tena, na jina la watu walionilea lingeishia hapo, kwenye vichaka. Lakini kuna upweke ambao mtu akiuzoea anaharibika, nami nilikuwa nimeanza kuuzoea.

Aliyeniudhi kuliko wote ni mke wa kijana wa boma la pili. Kila asubuhi alipita kando ya ua wangu na punda wake akienda silanga, bwawa letu la udongo, kuchota maji. Alipita kimya, macho chini. Nilikuwa nikisimama jikoni nikimwangalia kupitia upenyo wa mlango. Nikasema moyoni, maringo tu hayo. Mtu amefiwa, na wewe hata neno moja huna.

Mimi sikulelewa kwenye kimya. Nyanya yangu hakujaliwa mtoto, na mumewe alipofariki, alifanya kama Wakamba wa zamani walivyofanya: alimwoa mama yangu. Alipeleka mbuzi wa mahari mwenyewe, akamleta nyumbani azae watoto kwa jina la marehemu, ili boma lisife. Walikaa miaka mingi wakiwa wawili kabla yangu. Jina la baba lililoandikwa shuleni kwenye vitabu vyangu lilikuwa la yule mzee ambaye sikuwahi kumwona hata kwa picha. Watu walikuwa na hamu ya kutuuliza. Kwenu mume ni nani? Huyu mtoto ni wa nani hasa? Walitaka waelezwe kama hesabu ya darasani. Sisi tulikuwa tunaishi tu. Ila kanisani, kila tulipoomba, neno "Baba" lilinikaa vibaya mdomoni, nikawa nalimeza haraka kama dawa.

Kila asubuhi nyanya alifungua mlango wake, akaita kuelekea jikoni, "Wakya?" Hiyo ndiyo salamu yetu anayoitoa mkubwa kwa mdogo. Mama akaitika, "Aa!" Kisha mama akageuka upande wangu, "Wakya?" nami nikaitika. Sikutoka kitandani kabla ya kuitwa. Siku moja nilimuuliza nyanya walikuwa wakifanya nini kabla sijazaliwa. Nilitarajia aseme walikuwa wakilia, wakinisubiri. Alinicheka.

"Tulikuwa tunasalimiana," akasema. "Wewe ulikuja ukatukuta tukisalimiana."

Nilinuna mpaka jioni.

Basi Jumapili ya somo hilo la Utatu nilisimama mbele ya darasa nikaandika ubaoni: Mungu mmoja. Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Nikawaambia si miungu watatu, na si mmoja anayebadilisha majina kama mtu mwenye kazi ofisini na nyingine shambani. Kila mmoja wa watatu ni Mungu kweli, na Mungu ni mmoja tu. Nilisema kwamba fumbo hili hatuombwi tulimalize, tunaombwa tuliamini. Waliandika. Mzee mmoja wa nyuma, aliyekuja kubatizwa uzeeni, alitikisa kichwa polepole kama mtu anayeonyeshwa shamba ambalo hana hakika kama anataka kulinunua. Kisha msichana aliyetoka kumaliza kidato cha nne akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo nimeskia. Lakini kabla Mungu aumbe watu, alikuwa anakaa aje? Hakuwa lonely?"

"Hakuwa," nikajibu mbio, kwa furaha ya kuulizwa swali ninalolijua. Nikawaeleza kwamba Yesu mwenyewe, katika maombi, alisema Baba alimpenda kabla ya dunia kuwako. Upendo ulikuwako kabla ya kitu chochote. Mungu hakuumba watu kwa kukosa wa kuongea naye. Nikafuta ubao, nikafunga Biblia, nikashika njia ya nyumbani, na huko njiani ndipo maneno yangu mwenyewe yaliponifikia.

Nilimwonea Mungu wivu. Sina namna nyingine ya kulisema. Miezi yote ile nilikuwa nimemwomba nikidhani angalau yeye anajua kukaa peke yake, huko juu, mmoja. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya watu na kujifundisha kwamba hata yeye hajawahi kukaa hivyo. Najua Mwana alilia msalabani kwamba ameachwa, na hilo lilinipoza kidogo. Lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hupima vibaya. Nikasema, yeye aliachwa alasiri moja na siku ya tatu akajibiwa. Mimi je?

Wiki ile nilijaribu kulifanya boma letu kuwa mfano, ingawa Pastor alikuwa amekataza mifano. Nyanya, mama na mimi, nyumba moja, jina moja. Haukufika mbali. Nyanya alimwoa mama kwa sababu ya shida, na Mungu hakuwa na shida. Tena sisi tulikuwa watatu kwelikweli, watu mbalimbali wenye hasira mbalimbali, tuliweza kutenganishwa. Makaburi yapo pale chini ya shamba, yanaonyesha. Niliuacha mfano huo, nikabaki na kile kitu kimoja ambacho hakikutaka kuniacha: walikuwa wakisalimiana kabla yangu.

Alhamisi yule mke wa jirani akapita tena na punda wake. Nilikuwa nimelala vibaya, moto umekataa kuwaka, moshi umenijaa machoni. Nilipomwona ameinamisha macho yake kama kawaida, kitu kikanipanda. Nilitoka jikoni mpaka kwenye ua, nikamrushia salamu kama mtu anayefukuza kuku.

"Wakya!"

"Aa!" akaitika, karibu kabla sijamaliza. Punda akasimama. Yule msichana, maana nilipomwona karibu alikuwa msichana tu, akaweka mkono kifuani. "Aki mama, mimi nilidhani umenikasirikia. Tangu matanga nikipita hapa hunisalimii. Nikamwambia bwana yangu, labda kuna kitu tumemkosea huyu mama."

"Mimi? Wewe ndiye unapita kama umemeza mawe."

"Sasa mimi ningeanza aje?" Alinishangaa kwa dhati. "Si mkubwa ndiye huanza?"

Nilishika mti wa ua. Maisha yangu yote katika boma hilo nilikuwa mdogo. Niliondoka nikiwa mdogo, nikirudi likizo nilikuwa mdogo, na hata nilipomuuguza mama, yeye ndiye aliyeniita asubuhi kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo. Kule Emali yeyote humsalimia yeyote, huku chai ikimiminwa. Kwa hiyo baada ya mazishi nilikuwa nimekaa jikoni nikingoja kuitwa. Sikujua kwamba hakuna tena aliyebaki wa kuniita. Kijiji kizima cha wadogo kilikuwa kikipita mlangoni pangu, kimenyamaza kwa heshima, kikiningoja mimi.

Nililia pale pale, yeye akinitazama bila kujua afanye nini na punda. Mwishowe akamfunga kwenye ua, akaingia jikoni, akauwasha ule moto. Tukala muthokoi wa jana. Aliniambia nauwekea chumvi kidogo mno.

Jumapili iliyofuata darasa lilikuwa limejaa, na Pastor kwa mara nyingine hakuwepo. Nilirudia somo. Nikawaambia nilichoelewa, ambacho si kikubwa: kwamba kubatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu si kumpunguzia Mungu upweke. Ni kuingia katika upendo uliokuwa ukiendelea kabla yetu. Nilisema "Baba" bila kumeza. Yule msichana wa kidato cha nne hakuridhika. Hajaumbiwa kuridhika, na ninampenda kwa hilo.

"Sasa Mwalimu, kama walikuwa sawa bila sisi, Mungu alituita ya nini?"

Walinitazama wote. Nilifungua mdomo na nikasikia sauti iliyotoka ikifanana na ya nyanya.

"Wakya?"

"Aa!" darasa zima likaitika, bila kufikiri, wengine kalamu zikiwa bado mkononi. Hata yule mzee wa nyuma, ambaye kwa umri ni yeye aliyestahili kunisalimia mimi, aliitika, kisha akacheka mpaka akakohoa. Nikaona macho ya yule msichana yakizunguka chumba, yakirudi kwangu, na safari hii hakuinua mkono.

Jioni nilimpigia simu mwenye chumba cha Emali, nikamwambia ampangishe mtu mwingine.