Kisanduku cha Tarehe

Pale hospitali kuu ya watoto walimwita Bi Masijala, na sidhani kama hata mhasibu alilikumbuka jina lake jingine. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya kidirisha cha kioo chenye ufa, mafaili yamerundikana hadi darini, na kwa unadhifu hakuwa na mpinzani. Fomu yake haikuwahi kuwa na pengo. Karani mgeni akithubutu kuacha kisanduku kitupu, alirudishiwa fomu yake pamoja na maneno ambayo si ya kuandikwa hapa.

Shida ilikuwa kisanduku cha nne: tarehe ugonjwa ulipoanza.

"Ilianza kidogo kidogo, dada," mama wa mgonjwa angesema. "Alikuwa ananawa mikono kila saa, sisi tunacheka. Mara akakataa kula. Sasa anaogopa mpaka mlango."

"Kidogo kidogo si tarehe, mama. Nipe tarehe."

Mama akibabaika na foleni ikinung'unika, Bi Masijala aliandika tarehe ya jana, akagonga muhuri. Kazi ni kazi, alisema, tena kwa kujisifu.

Miezi miwili kabla hajastaafu, wakaja wataalamu kuandika mwongozo wa taifa wa kutibu ugonjwa ule adimu. Humpata mtoto baada ya homa: kinga ya mwili inageuka, inauvamia ubongo, na mtoto uliyemlea anakuwa mwingine kabisa. Bila mwongozo, madaktari wengi waliona watoto hao wanadeka tu, na bohari kuu ilikataa kutoa dawa. Nchi nzima ilikuwa na mafaili ishirini na matatu ya ugonjwa huo, na yote aliyafungua yeye. Aliyabeba mwenyewe hadi chumba cha mikutano, kifua mbele.

Siku ya tatu, akipeleka chai, alimkuta profesa, mwenyekiti wao, akisoma kwa sauti.

"Karibu wote waliugua ghafla, siku moja kabla ya kuletwa. Basi tuandike hivi: mtoto ambaye dalili zake zilianza polepole, huyo hana ugonjwa huu. Asipewe dawa."

Wenzake wakaafiki. Mmoja alisema hajawahi kuona takwimu safi namna ile.

Bi Masijala alitua sinia la chai mezani. Safi! Si alizisafisha yeye?

Mchana ule hakula. Alijifungia masijala akawaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi: miezi miwili tu, keki ya kuagwa, hotuba, nyumbani. Nani angejua? Lakini akina mama wale walimjia mmoja mmoja na kidogo kidogo yao, na aliona aibu kubwa mno. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwaga akisema, wengine hawatelezi. Akapangusa uso, akarudi mkutanoni.

"Profesa, tarehe hizo ni zangu."

"Zako vipi, mama?"

"Nilizibuni. Wazazi hawakuzijua, nami sikutaka kisanduku kitupu."

Profesa alivua miwani. "Zote? Zipi ni za kweli?"

Hapo ndipo Bi Masijala alipolia, maana hakujua. Za kweli na za uongo alikuwa ameziandika kwa mwandiko uleule mzuri.

Hawakumfukuza. Walikusanya makabrasha yao, na mwongozo ukaahirishwa hadi familia zote zitafutwe zihojiwe upya. Nyingine zilikuwa zimehama, simu nyingine hazipatikani.

"Umeokoa watoto, mama," profesa alimwambia mlangoni, ila hakumtazama usoni.

Wiki mbili baadaye, mwanamke kijana alisimama kidirishani na binti yake, vidole vya mtoto vimechubuka kwa kunawa. Daktari alikuwa amemwambia ukweli: ugonjwa ni ule, dawa ipo bohari, lakini haitoki mpaka mwongozo utoke.

"Utatoka lini, shangazi?"

"Bado wanaushughulikia, mwanangu."

"Lini?"

"Sijui."

Mwanamke alishika ukingo wa kidirisha. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika.

"Hiyo 'sijui' nitaipeleka wapi, shangazi? Huyu hajala tangu juzi. Nipe tarehe. Hata ya kubuni."

Kalamu ilikuwa mkononi. Bi Masijala aliitazama, kisha akaiweka chini.