Mkwe Wangu Aligeukia Ukuta

Wapendwa, nimemwomba pasta dakika kumi. Najijua, nikishika maikrofoni siachilii. Mama Furaha, ukiona nimezidi, kohoa.

Mnanijua. Naishi hapa Takoma Park, natunza wazee kule Rockville. Nimeosha wanaume wa kila namna, nimewabadilisha nepi, wala sijaona haya. Kazi ni kazi. Lakini mimi ni Mbukusu wa Bungoma, na kwetu mkwe ni mkwe. Mume wa binti yangu simpi mkono. Akiingia kwa mlango huu, mimi natafuta ule mwingine.

Mkwe huyo anaitwa Wafula. Yeye na binti yangu Nekesa wanaishi Austria, na kazi yake ni fundi wa pikipiki. Mwaka juzi alituazimia pikipiki moja, tuzunguke nao milimani wiki nzima, wao wakiwa na yao. Baba Nekesa alifurahi kama mtoto. Zamani alikuwa bwana shamba, akizunguka vijijini na pikipiki ya serikali, na tangu tuje Amerika alikuwa akiililia tu.

Mimi nilikuwa na siri. Miezi minne nilikuwa natokwa na damu. Si hedhi ya kawaida, ni mabonge, nabadilisha pedi tatu kabla shifti haijaisha. Sikumwambia mume wangu. Niliogopa ataahirisha safari, na zaidi niliogopa kusikia jina la huo ugonjwa. Mimi huyu, ambaye kila siku nawaambia wazee wangu, "Usinifiche, niambie panapouma!"

Siku ya tatu ya safari mguu wa kushoto ulivimba, ngozi ikang'aa, ikawa moto. Nikasema ni kukaa sana. Siku ya nne tulifika juu kabisa, baridi na ukungu, na tairi letu likapasuka. Niliposhuka nikakosa pumzi. Kifua kilichoma kama nimemeza kaa la moto. Nekesa anasema midomo yangu ilikuwa rangi ya wino.

Wafula akamwambia mume wangu, macho chini, "Baba, hospitali iko bondeni. Simu haishiki hapa. Niruhusu nimbebe Mama kwa pikipiki yangu."

"Kifua changu kwa mgongo wa mkwe?" nikasema. "Thubutu! Nitangoja gari."

Hakuna gari lililopita. Niling'ang'ana karibu saa nzima, Nekesa akilia, "Mama, wacha ujinga, utakufa!" Kisha nikaanguka. Nekesa akatoa leso, ile kanga niliyomletea zawadi, akanifunga mgongoni kwa mumewe jinsi mtoto anavyofungwa. Kona zile, jamani! Nilifumba macho. Nilimsikia Wafula akiomba kwa sauti njia nzima, na mimi, Mungu anisamehe, niliona haya kuliko nilivyoogopa kufa.

Hospitali ilikuwa ndogo, na daktari wa zamu alijua Kijerumani tu. Nekesa alikuwa amebaki mlimani na baba yake. Nani angetafsiri? Ni huyo huyo mkwe. Waliponifungua blauzi, Wafula aligeukia ukuta, akabaki hivyo.

"Mama, anasema damu imeganda mguuni, na bonge limepanda mpaka mapafuni. Kuna dawa kali ya kuliyeyusha. Lakini anauliza..." Akasogea karibu zaidi na ukuta. "Anauliza kama kuna mahali unatoka damu."

Nikajibu, "Hapana."

Muuguzi akaanza kutayarisha dripu. Daktari aliniangalia usoni, akasema tena maneno machache. Wafula alikuwa bado ameelekea ukuta, koti bado lina mikunjo ya leso.

"Mama, tafadhali. Anasema kama unatoka damu, hii dawa itakuua."

Basi nikasema. Miezi minne, mabonge, pedi, yote. Kila neno langu alilirudia kwa Kijerumani, akiuambia ukuta. Daktari alimshika muuguzi mkono palepale.

Walinipa dawa nyingine ya polepole, wakaniongeza damu. Nililazwa siku kumi na mbili, nikichomwa sindano za tumbo asubuhi na jioni. Baadaye nilipasuliwa huku Amerika, wakatoa uvimbe kwenye kizazi, mkubwa kama chungwa. Haikuwa saratani. Mume wangu aliniuliza swali moja tu: "Wafula alijua kabla yangu?" Mwezi mzima alinijibu kwa neno moja moja, na nilistahili. Mpaka leo mguu huvimba jioni, na nikipanda ngazi nikahema kidogo, moyo unaruka. Woga haujaisha, sitawadanganya.

Namshukuru Mungu kwamba nasimama. Dada zangu, wa Kenya, wa Kongo, wa Burundi, sisi tunaosafisha miili ya watu na kuficha yetu: mguu mmoja ukivimba, nenda. Damu isipokoma, sema. Mwambie yeyote aliye karibu, hata kama ni yule usiyepaswa kumwambia.

Wafula hakumwambia mtu. Hata Nekesa alisikia kwangu. Wamekuja kututembelea, na leo yuko hapa, safu ya mwisho karibu na mlango, anaangalia viatu vyake. Tangu ile hospitali hatujawahi kutazamana. Najua wa nyumbani Bungoma watasema. Waache waseme.

Wafula, inua uso, mwanangu. Ni mama yako anakuangalia.