Vituo Saba Nyuma ya Jeannette

Kwa miaka kumi na tisa Jeannette aliuguza watu karibu na Pinga, katika kituo cha afya cha mbao, akiwa muuguzi peke yake. Kila mgonjwa aliyepita mikononi mwake alimwandika daftarini: ametoka wapi, ametumwa wapi, amefika au hakufika.

Siku moja akaja Polycarpe, mtu wa takwimu kutoka Goma, matope mpaka magotini. Alipiga picha madaftari yake na ya vituo vingine. Baada ya miezi miwili alirudi na karatasi kubwa: kila kituo nukta, kila safari ya mgonjwa mstari.

"Mama Jeannette, hii nukta njo weye. Vituo saba vinatuma wagonjwa ku hospitali, na vyote vinapitia kwako. Ukitoka, vinabakia peke yavyo."

"Ile nilijua, kaka. Njo miye nawapokea. Andika waniletee muuguzi wa pili, na pikipiki."

Polycarpe aliandika kweli. Wakubwa walijibu kwamba ripoti ni nzuri sana.

Mahindi hayajakauka shambani, vita ikafika. Jeannette alikuwa anamshona mtu mguu risasi zilipoanza kulia. Alimaliza kushona, akafunga bendeji, ndipo akakimbia na wengine, siku nne msituni hadi Walikale. Nyuma yao kituo kilichomwa.

Sasa anaishi kwa dada yake, Fifi. Wauguzi wa vile vituo saba bado wanampigia simu, maana hawana mwingine wa kumuuliza. Asubuhi moja wiki iliyopita alikuwa anachagua maharagwe Élie, mmoja wao, alipopiga.

"Mama, niko na mwanamuke hapa, tangu jana mutoto anakatala kutoka. Mukono njo umetangulia. Nimutume wapi?"

"Musivute ule mukono! Kuko watu wa kumubeba?"

"Wako wane."

"Basi mumubebe, mupite..."

Njia ya hospitali ilishikwa na wenye silaha. Ile ya pili, daraja lilikuwa limekatwa.

"Tupite wapi, Mama?"

Nyuma ya sauti ya Élie alimsikia mwanamke akimwita mama yake. Kisha simu ikakatika.

Alipiga mara kumi na moja. Kesho yake akapiga tena, na keshokutwa yake. Fifi alimwekea chakula, kikapoa. Mpaka leo hajui walikwenda wapi, wala jina la yule mwanamke hakuliuliza.