Maiti Aliyeimba Ubeti wa Pili

Kuimba kulikuwa ugonjwa wa fundi bomba. Aliimba hata akiwa amelala chini ya sinki za watu, mpaka wenye nyumba wakamsihi azibe maji kwanza. Jioni alikwenda ukumbini kufanya mazoezi na wenzake wa kikundi cha michezo ya nyimbo. Lakini sauti yake ilikuwa kama debe linaloburutwa, kwa hiyo mama mwongozaji akampa nafasi ya maiti.

"Wewe lala tu, baba. Usifungue mdomo."

Siku ya onyesho alikufa vizuri. Kinyozi, mwenzake kikundini ambaye walikuwa naye kama chanda na pete, akapiga magoti kando yake kumwimbia wimbo wa kilio. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Wa pili ukamtoka kichwani, akabaki ameachama.

"Nisaidie, ndugu yangu," akanong'ona.

"Mimi nimekufa," maiti akajibu bila kufumbua macho.

"Si ufe baadaye!"

Fundi akainuka, akajililia mwenyewe ubeti mzima huku machozi yakimchuruzika, kisha akalala akafa upya. Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Mkewe akapaza sauti kutoka viti vya nyuma: "Hata kifo kimeshindwa kumnyamazisha!"

Pazia liliposhuka, mwongozaji akawajia kakunja uso. Marafiki wakashikana mikono wakingoja kufukuzwa.

"Kesho mtarudia hivyohivyo," akasema.

Fundi akauliza kama ubeti wa tatu una mwenyewe.